Mkono wa Papa Chini ya Blanketi Lako

Mama yangu, popote mikono yako ilipopumzika,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako kifupi, ndani ya kibanda chako cha kufukizia na kukanda watu, nyuma ya nyumba, hapa mtaani Mangobo. Ni asubuhi. Mvua imekatika sasa hivi na bati bado linadondosha maji. Mwaka huu nafundisha zamu ya mchana, kwa hiyo nina muda. Papa amelala chumbani. Nina jambo la kukuuliza, na usinicheke kwamba mwalimu mzima amekosa mtu wa kumwuliza akaamua kumwandikia mama yake aliyezikwa. Au cheka kidogo, halafu unisikilize.

Kwanza nikupe habari, maana hukuziona. Miezi minne baada ya matanga yako, papa alipatwa na kiharusi, AVC kama tunavyosema hapa. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta kwenye cherehani chake, mguu ukiwa bado kwenye pedali, kichwa kimelalia suruali ya mteja. Mdomo ulikuwa umepinda. Alipona, mama. Anatembea kwa fimbo, anaongea, analalamikia chumvi kama zamani. Ila mkono wa kulia, ule wa mkasi, ulibaki umekunjwa kifuani, vidole vimekaza ngumi.

Kine, ndivyo tunavyomwita msichana wa hospitali anayenyoosha viungo vya watu, aliniambia bila kuzunguka: "Madame, huu mukono ukandwe kila siku, na mafuta ya moto-moto, vidole uvivute moja-moja. Mukiiacha, itajifunga, na haitafunguka tena." Kisha akanitazama vizuri. Nadhani alisikia harufu ya majani ya kibanda chako kwenye nguo zangu, kwa sababu aliongeza: "Na mvuke, hapana. Tension yake iko yulu sana. Vraiment, madame, hapana."

Nikaja nyumbani nikapasha mafuta. Papa akaukumbatia mkono wake kama mtu anayeficha kitu.

"Unafanya nini?"

"Nakukanda, papa."

"Na mvuke iko wapi?"

Nikamweleza habari ya tension, ile presha ya damu. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wateja wanaotaka nguo kesho.

"Mama yako alianzaka na mvuke, kiisha njo mikono," akasema. "Miaka yote. Leo munataka kunikanda mubichi?"

Ndipo tuliponasa. Siku ya kwanza nilidhani ni utani. Wiki ya pili nilijua si utani. Kila siku niliuona ule mkono ukizidi kujikunja, na kila siku mwenye mkono alinikatalia. Sikuwa na nguvu ya kumlazimisha baba yangu, wala maneno ya kumshawishi. Maneno yalikuwa kwako, na uliondoka nayo.

Unakumbuka papa alivyokushonea blanketi? Mimi sikuwapo, bado sijazaliwa, lakini hadithi yake niliisikia mpaka nikaichoka. Mablanketi mawili ya kijivu, yameunganishwa kwa uzi mzito wa mahema, na ndani yake turubai jepesi ili mvuke usitoroke. Ulipenda kuwaambia wateja kwamba wenzako walichumbiwa kwa vikwembe, vitenge vya dukani, wewe ulichumbiwa kwa blanketi. Papa alikuwa anajifanya hasikii, na huku mashine inapunguza mwendo.

Na wateja walikuja. Wanawake waliojifungua, wakibebewa watoto na mashemeji. Wabeba mizigo wa sokoni. Wake wa wafanyabiashara kutoka Butembo, waliosimama dukani tangu asubuhi mpaka miguu ikavimba. Waendesha pikipiki waliotoka Bafwasende na barabara bado imo migongoni mwao. Uliwapokea wote sawasawa. Lumba-lumba, mchaichai na majani ya ndimu ndani ya sufuria kubwa juu ya jiko la mbabula, na yale mawe yako mawili meusi uliyookota kandokando ya mto Tshopo, yakiwaka ndani ya makaa. Mtu anakaa kwenye kiti hiki nilichokalia, sufuria mbele ya magoti, unamfunika, halafu unalitumbukiza jiwe. Chwaa! Sisi watoto tulikuwa tunaingoja ile chwaa.

Hukutumia saa. Uliweka kiganja juu ya blanketi, pale mgongoni, ukasema "bado," au ukasema "imetosha." Kisha kitambaa kikavu, mkeka, kikombe cha maji ya vuguvugu, kupumzika kidogo. Baada ya hapo tu ndipo yakaja mafuta meusi ya kokwa za mchikichi na mikono yako, kuanzia nyayo kupanda juu. Mteja mmoja aliyekuwa na haraka alikuomba uruke mvuke umkande tu. Ukamwambia: "Mwili iko na haya. Uizoeshe kwanza na joto, kiisha utaishika." Akangoja.

Lakini wenye tension uliwarudisha! Nilikuona mara ngapi? Ulimuuliza kila mtu kabla hajavua viatu, na aliyejibu kwa kusitasita ulimtuma kwanza kwa muuguzi. Nikamkumbusha papa sheria hiyo, nikadhani nimempata. Akanijibu kwamba sheria ile ilikuwa ya wateja.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Ulisema umeitoa Kasongo, kwa mama yako. Aliye chini ya blanketi anaweza kusema chochote. Aliye nje asikie tu, asijibu, na blanketi likishatoka asiulize. Ndiyo maana watu wengine walikuja wakiwa hawaumwi popote. Nilikuwa na miaka tisa tonton Bosko, ndugu yake papa, alipofia Yahuma. Papa alipokea habari barabarani, akawashukuru walioileta, akaendelea kupima mtu mabega. Jumapili yake, alipotoka misa, aliingia chini ya blanketi kama kawaida, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nachambua mchicha. Nilisikia sauti sijawahi kuisikia. Alimwita Bosko kwa jina lao la utotoni. Alikusimulia mtumbwi waliouzamisha wakiwa wadogo kule Yangambi, wakamsingizia kiboko. Alicheka, alilia, alikuuliza kwa nini hakwenda kumwona. Wewe ulikaa, kiganja juu ya mgongo wake. Hukumjibu hata neno moja.

Baadaye nikakuuliza papa analia nini. Ukanishika sikio, si kwa kuumiza.

"Chini ya blanketi hamuna papa," ukasema. "Muko mutu tu. Na weye haukusikia."

Sikusikia, basi. Nimekaa miaka yote sikusikia.

Lazima pia nikiri jingine. Nilikuonea aibu, mama. Pale sekondari wenzangu waliniita binti ya mvuke, kwa sababu nilinuka ndimu na moshi, na mimi nikaanza kukwepa kibanda. Uliniita: "Zaina, lete mikono." Nikasema nina mtihani. Uliniita likizo, nikasema nina mtihani mwingine, na wewe ambaye hukusoma ukaamini kwamba shule zina mitihani hata wakati wa likizo. Au hukuamini, ukaniachia tu. Sasa nina diploma mbili na viganja vya chaki. Ulipokuwa mgonjwa ukaniomba nikukande miguu, nilijitahidi mpaka jasho likanitoka, nawe ukacheka ukiwa umefumba macho: "Unanipaka mafuta, mwanangu. Haunikandi." Nilicheka na mimi. Nilidhani tuna muda wa kujifunza.

Kwenye matanga yako papa hakulia. Alishona. Alishona nguo za watu wote wa familia, kitambaa kimoja, usiku hata mchana, na kila aliyekuja kumpa pole alimkuta ana pini mdomoni. Watu walisema ana moyo mgumu. Mimi nilijua alikuwa anangoja Jumapili. Jumapili ikafika, akaenda mpaka mlangoni mwa kibanda, akasimama, akarudi. Nilimwona, nikajifanya nafagia. Ningemwita, ningewasha moto, ningemfunika. Wakati ule tension yake tulikuwa hatujaijua, lakini si hiyo iliyonizuia. Sikujua nitaweka wapi mikono yangu.

Sasa nikufikishe kwenye kosa langu. Asani alipiga simu kutoka Kinshasa. Mdogo wangu kila jambo kwake ni jepesi, maana linafanyika mbali naye. "Mupe tu mvuke yake, ya Zaina," akasema. "Iko muzee. Unamukatalia yulu ya nini?" Nilikuwa nimechoka. Mkono ulikuwa umekaza kiasi kwamba kucha zilianza kumchoma kiganjani, na papa alikuwa anaweka kipande cha kitambaa ndani ya ngumi yake mwenyewe. Jumamosi hiyo nikasema liwe liwalo. Nikaosha sufuria, nikachuma majani, nikawasha mbabula, nikayaweka mawe yako kwenye makaa. Papa alitabasamu, mara ya kwanza tangu ulipougua. Akavua shati mwenyewe kwa mkono mmoja, hakutaka msaada.

Nikamfunika. Nikatumbukiza jiwe. Chwaa.

Niliweka kiganja changu mgongoni pake, juu ya blanketi, kama wewe. Sikusikia chochote, mama. Sikujua nisikilize nini. Ni bado au imetosha? Wewe uliambiwa na nini? Nilikuwa bado najiuliza pale mgongo ulipolegea chini ya kiganja changu, akaanguka mbele. Bahati niliwahi sufuria kwa mguu, maji yakamwagika upande wangu, na alama ninayo. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia, yeye kichwa begani kwangu. Muuguzi aliposoma mashine yake hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliniuliza tu ninafanya kazi gani, na nilipomwambia mimi ni mwalimu akatikisa kichwa.

Papa alirudi nyumbani siku ya tatu, hakunilaumu. Aligeukia ukuta tu. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira, zaidi hasira juu yako wewe. Mtu gani anafundisha mji mzima kumngoja, halafu anaondoka bila kumwachia mtu hata kidole?

Wiki iliyofuata nilijaribu kitu cha mtu aliyeishiwa. Nilichukua blanketi tu. Niliponda lumba-lumba na mchaichai kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maji ya kumwogeshea mtoto, yasiyotoa moshi hata kidogo. Nikaliweka chini, mbali na miguu yake. Nikamfunika. Mshono wa blanketi umeachia upande mmoja, kwa hiyo hewa inaingia na mwanga unaingia; papa angeushona, kama angekuwa na mkono.

Alijua mara moja. "Moto hamuna," akasema kutoka ndani.

Sikujibu. Nilimvutia blanketi vizuri mabegani.

Nilisikia kuku wa jirani, nilisikia redio. Kisha akaanza kuongea, taratibu, kwa ile sauti ya siku ya Bosko. Alikuambia habari za cherehani, kwamba mkanda unateleza. Alikuambia kwamba Zaina anapika vizuri lakini anapika kwa hasira. Alikuambia kwamba usiku upande wako wa kitanda anauwekea mto. Halafu akalia, mama. Miezi yote hii tangu tukuzike, ndipo akakulilia, chini ya blanketi alilokuchumbia, na mimi nje, nimeuma kanga.

Nikapitisha mikono yangu kwenye ule mshono ulioachia. Nilikuwa nimeipaka mafuta yako tayari. Niliutafuta mkono wake kwa kupapasa nikaukuta, nikaanza na kifundo, polepole. Akashtuka. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Mama Zaina, njo weye?"

Aliye nje hajibu. Hiyo ndiyo sheria yako. Sikujibu. Na mkono ukalegea, mama. Ule mkono ulioshinda kine na kunishinda mimi, ulikaa kwenye viganja vyangu ukalegea, nikaweza kukiingiza kidole changu kwenye ngumi.

Tangu siku hiyo ni wiki tatu. Kila asubuhi ni vilevile. Beseni, blanketi, maneno yake kwako, mikono yangu kwenye mshono. Kila asubuhi anauliza, nami nanyamaza, naye ananiachia mkono. Kidole kidogo kimefunguka, cha pete kimefunguka nusu. Kine ameshangaa, ameandika kwenye karatasi yake, amesema "courage, madame, uendelee vile-vile." Vile-vile vipi, hakuniuliza.

Juzi Alhamisi, nilipomtoa blanketi, papa alishika kibiringo cha uzi kwa mkono wa kulia, sekunde chache, kikaanguka. Nikapiga makofi. Akaniangalia, macho makavu, akasema:

"Enda kazi, Zaina. Mama yako atanikanda tena kesho."

Nikautafuta mzaha usoni mwake. Unajua uso wake akitania, shavu la kushoto linatangulia. Shavu lilikaa palepale.

Sasa sijui, mama, na ndilo jambo ninalokuuliza. Kama anajua ni mimi na anacheza, basi tunacheza wawili na hakuna kosa. Lakini kama anaamini ni wewe, kila asubuhi namwibia baba yangu kitu ambacho sitaweza kumrudishia. Nikimwambia "ni mimi, papa," ataufunga mkono, namjua, na ukijifunga safari hii ndiyo basi. Nikinyamaza, unafunguka, kidole kimoja kimoja, naye anazidi kwenda huko uliko. Kumwuliza siwezi, kwa sababu blanketi likishatoka haturuhusiwi kuuliza. Umenifunga huku na huku. Nimewaza mpaka nimechoka. Nafundisha watoto hesabu mchana kutwa na hii imenishinda.

Mikono yangu bado si yako. Naizoeza hewani kabla sijaanza, naipasha moto kwenye kikombe cha chai ili asijue kwa ubaridi. Ona nilipofika. Ulikuwa unaniita nije nijifunze, nami ninajifunza sasa, kwa kujifanya wewe.

Akiamka ataingia tena, ataongea, atalia au hatalia, kisha atauliza. Ulinifundisha nisijibu mtu akisema ya kwake. Hukuniambia nifanye nini mtu akiita jina lako. Kama kuna njia yoyote ya kuniambia, hata kwa ndoto, hata kwa kunivuta sikio, niambie kabla ya kidole cha mwisho.

Ameamka, nasikia fimbo yake. Pumzika, mama.

Ni mimi mwanao Zaina, ambaye kila asubuhi, kwa nusu saa, ni wewe.